Kikao cha Jumanne: Habari za Kina Mama Wazazi wa Bertrams

Kamati ya kitabu chetu cha mwaka imenitaka niandike habari za kikao cha kina mama wazazi ambacho kimekuwa kikikutana hapa Bertrams kila Jumanne alasiri tangu mwaka 2003. Nimekubali kwa sharti moja, kwamba niruhusiwe kwanza kusahihisha kosa nililoliandika kwa mkono wangu mwenyewe katika kitabu hiki hiki. Wenye nakala ya mwaka 2002 wafungue ukurasa wa taarifa za marehemu. Hapo pameandikwa kwamba wifi yangu, dada mdogo wa mume wangu, alifariki dunia kwa homa ya ghafla, akaacha mume na mtoto mchanga wa wiki tisa. Aliyeandika taarifa hiyo ni mimi. Wifi yangu hakuwa na homa. Alijiua.

Naandika haya kwa idhini ya mumewe, aliyerudi Kalemie, na kwa idhini ya binti yake. Wapo wazee wetu wawili waliosema mambo haya yaachwe yalivyo, na nimewasikiliza kwa heshima zote. Lakini binti yule aliyeachwa na wiki tisa leo ni mama. Mimi ni mkaza mjomba wake, ingawa tangu aanze kusema ameniita mama. Mwaka 2025 alipojifungua, muuguzi alimwuliza kama katika ukoo wao kuna mwanamke aliyewahi kuugua baada ya uzazi. Akarudi nyumbani akaniuliza, "Mama, ile homa iliyomwua mama yangu ilikuwa homa gani? Nijibu nini?" Nilikuwa na kikombe cha uji wake mkononi. Nikakiweka chini, nikamwambia.

Sasa nianze mwanzo.

Kwa jamaa zetu walioko Tanga, Kigoma, Uvira na kwingineko, ambao Bertrams wanaijua kwa jina tu: ni mtaa mdogo, upande wa mashariki wa kitovu cha mji wa Johannesburg, jirani kabisa na uwanja wa Ellis Park, ule uliochezewa fainali ya raga ya mwaka 1995 mbele ya Mzee Mandela. Mtaa ulipimwa mwaka 1889, miaka mitatu tu baada ya dhahabu kugunduliwa, kwa hiyo ni miongoni mwa mitaa mikongwe ya mji huu. Nyumba zake nyingi ni za matofali na mabati, zenye veranda inayotazama barabara. Zamani walikaa humo watu wa kila rangi, mpaka ilipotungwa Sheria ya Makazi Duni ya mwaka 1934, ndipo wasio Wazungu walipoondolewa na manispaa ikawajengea Wazungu maskini nyumba. Baadaye zikaja familia nyingi za Wareno katika mitaa hii ya mashariki. Sisi tulikuja mwishoni. Natumaini mtaniwia radhi kwa historia hii ya mabati na matofali. Naieleza kwa sababu nyumba iliyojengwa kwa familia moja sisi tuliikuta imegawanywa vyumba, kila chumba familia, kila mlango na kufuli yake. Ulisikia kikohozi cha jirani usiku kucha, na asubuhi hukumjua jina.

Wengi wetu tunajua vita vilianzia Uvira Oktoba 1996, vikaanza tena Agosti 1998. Jamaa waliovuka ziwa kwenda Kigoma waliwekwa kambini Nyarugusu. Waliofika Afrika Kusini walikuta mambo mengine: Sheria ya Wakimbizi ya mwaka 1998, iliyoanza kutumika mwaka 2000, haimweki mtu kambini. Unapewa karatasi, unatafuta chumba na kazi mwenyewe. Tulijisifu sana kwa uhuru huo, na kwa hakika ni jambo la kushukuru. Lakini shangazi mmoja aliyekaa Nyarugusu alinisimulia kwamba alipojifungua kule, kabla ya magharibi wanawake saba walikwisha ingia hemani mwake. Mimi nilipojifungua hapa mwaka 2000, aliyekuja ni mwenye nyumba, na alifuata kodi.

Kwetu pwani mwanamke aliyejifungua huitwa mzazi, na jina hilo hukaa naye siku arobaini. Ni cheo kamili. Mzazi hapiki, hafui, hachoti maji, na hawekwi peke yake. Mama yake au somo yake humkanda kwa maji ya moto asubuhi na jioni, humfunga tumbo kwa kanga, humpa uji wa pilipili manga na mchuzi wa kuku, na usiku mtoto akilia huna haja ya kuinuka, kwa maana kuna mkono mwingine. Wenzetu wa Burundi na wa upande wa Bukavu wana desturi yao ya kwenda kumhemba mzazi, yaani kumpelekea uji na zawadi, na huko kwenda kwenyewe ndiko kumwona. Sisi tuliokulia humo tulidhani mambo haya ni ya mwili na ya baraka: damu itoke vizuri, maziwa yashuke, kijicho kisimpate mtoto. Hatukujua kwamba ndani ya arobaini palikuwa na ulinzi mwingine ambao haukuwa na jina. Mtu mzima alilala chumba kimoja nawe kwa siku arobaini, akikutazama uso.

Hapa Bertrams mwili ulihudumiwa. Tangu mwaka 1994 serikali mpya ya nchi hii ilitangaza kwamba wajawazito na watoto chini ya miaka sita watibiwe bure. Nilizaa hospitalini, nikashonwa, nikapewa kadi ya kliniki na tarehe ya chanjo, na kesho yake nikatolewa. Mume wangu alikuwa mlinzi wa usiku. Akitoka kazini asubuhi alikuwa hana la kufanya ila kulala, na chumba kilikuwa kimoja, kwa hiyo nilimbeba mtoto nikazunguka naye barabarani mpaka saa saba mchana ili baba yake apate usingizi. Mama yangu alikuwa Tanga. Simu ilikuwa ya kadi, dakika chache kwa wiki, na katika dakika hizo nilimwambia kwamba sote hatujambo.

Yaliyonipata sijapata kuyaandika. Nilianza kusikia mtoto akilia hata alipokuwa amelala. Usingizi ulinitoka kabisa, si kwa sababu ya mtoto. Chakula kikawa kama karatasi. Siku moja nilikuwa nakata kitunguu, nikakitazama kisu, likanijia wazo juu ya mtoto ambalo sitalisema hapa. Nikakiweka kisu juu ya kabati, nikasukuma kiti mbali, nikakaa sakafuni. Kwa wiki sita tulikula vitunguu vilivyokatwa na mume wangu. Hakuuliza, nami sikusema. Nilidhani nimeingiwa na shetani au nimekuwa mwuaji. Leo najua kwamba mawazo ya namna ile huwajia wazazi wengi ambao hawatamdhuru mtoto kamwe, na kwamba kule kuogopa kwangu kulikuwa dalili ya kwamba nampenda. Laiti mtu mmoja angeniambia. Baada ya miezi mitano ukungu ule uliondoka wenyewe, nikamshukuru Mungu na nikaapa kutomwambia mtu.

Basi mwaka 2002 wifi yangu akajifungua, vyumba viwili kutoka kwetu. Mtoto wa kike, mzima, mzuri. Wiki ya tano hivi alikuja kwangu akaketi mlangoni akasema, "Wifi, silali. Hata mtoto akilala, mimi silali." Kati ya wanawake wote wa mtaa ule, mimi nilikuwa ninayajua maneno hayo yanatoka wapi. Nikamjibu, "Ni uchovu, utapita. Mshukuru Mungu umepata mtoto mzima." Nilikuwa nashona nguo ya watu, sikusimamisha cherehani. Akakaa kidogo, akaondoka. Alirudi mara moja tena, akaniuliza kama mtu anaweza kuchoka mpaka asipone. Nikamwambia asiseme maneno ya kukufuru.

Wiki nne baadaye tulimzika. Wanaume walikubaliana itajwe homa, maana habari ingefika Uvira na Kalemie, na watu wangesema ukoo una laana, na binti angekosa mchumba. Nikapewa karatasi niandike kwa kuwa ndiye niliyekuwa na mwandiko mzuri.

Kikao hakikuanza kwa mpango wowote. Baada ya msiba nilimchukua mtoto, na mwezi wa pili wa mwaka 2003 msichana mmoja wa Bukavu aliyekuwa amejifungua kwa mara ya kwanza alikuja kunitaka nimshonee nguo ya ubatizo. Nilipokuwa nampima mtoto alisema maneno yale yale: silali hata akilala. Nikasimamisha cherehani. Nikamwambia habari za kisu, tangu mwanzo hadi mwisho, jambo ambalo mume wangu mwenyewe hakuwa akilijua. Msichana yule alilia mpaka nguo ya ubatizo ikalowa. Jumanne iliyofuata alirudi na mwenzake. Hivyo ndivyo ilivyokuwa.

Hapa ni lazima niitaje nyumba ya Bienvenu, kwa sababu bila hiyo tungebaki sisi kwa sisi. Ni makao ya muda ya wanawake wakimbizi na watoto wao, yaliyofunguliwa hapa hapa Bertrams mwaka 2001 na masista wa Scalabrini. Jina ni la Kifaransa, maana yake ni karibu. Wanawake wa Kongo, Burundi, Rwanda, Ethiopia na kwingineko wamepitia humo, wengine wakiwa na mimba, wengine na vichanga. Muda wao ukiisha hutoka kwenda kupanga vyumba, na wengi walipanga karibu. Kina mama waliotoka humo walikuwa wamezoea jambo ambalo sisi wa vyumba vyenye kufuli hatukulizoea, nalo ni kukaa meza moja na mtu asiye wa kabila lako na kumpokea mtoto wake ukamshike. Wao walitupa desturi ya kwanza ya kikao: ukiingia tu, mtoto wako anachukuliwa, na hurudishiwi mpaka uondoke au anyonye. Wapo waliofika wakalala saa mbili nzima kwenye kochi langu bila kusema neno, wakaamka, wakapewa mtoto, wakaenda zao. Nako huko kulikuwa kuhudhuria.

Desturi nyingine zilikuja polepole, nyingi kwa makosa. Mwanzoni tulishauriana mno. Kila mmoja alikuwa na dawa yake: mafuta, maombi, kombe, uji wa ulezi, na mama mmoja mchangamfu aliyekuwa na jibu la kila kitu alituharibia karibu mwaka mzima. Tukaweka sharti kwamba hakuna kutoa shauri ila kwa aliyeomba. Anayesikia maneno yanayofanana na yake aseme tu, mimi pia, kisha aeleze ilivyokuwa kwake. Wachungaji na mashehe tuliwaomba wasije siku ya Jumanne, hawakufurahi. Na asiyefika Jumanne mbili mfululizo hufuatwa na watu wawili, kamwe si mmoja, na hawaendi kuuliza kwa nini hukuja. Wanapeleka chakula. Ukipokea chakula lazima ufungue mlango.

Tulikuwa hatuna hata jina la ugonjwa wenyewe. Wataalamu wa Kiswahili leo wanauita sonona. Sisi wa Tanga tulisema mawazo, wa Uvira walisema roho imechoka, wa Bukavu kichwa kimejaa, na jirani zetu Wazimbabwe walikuwa na neno lao la Kishona, kufungisisa, maana yake kuwaza kupita kiasi. Neno hilo lilituhusu kuliko yote. Baadaye tulikuja kusikia kwamba kule Harare daktari Dixon Chibanda alianza mwaka 2006 kuwaweka mabibi wa mtaani kwenye mabenchi ya nje ya kliniki ili wawasikilize wenye kufungisisa, na kwamba kazi ile imesifika duniani. Jirani yetu alijivuna wiki nzima.

Mwaka 2006 huo huo afisa mmoja wa ustawi wa jamii, mwanamke wa hapa, alituletea karatasi ya maswali kumi ambayo hutumiwa kumpima mama aliyejifungua. Kila swali lina majibu manne, na kila jibu lina alama kuanzia sifuri hadi tatu, nayo yote yahusu siku saba zilizopita. Maswali yale yalitolewa Edinburgh mwaka 1987 na madaktari wawili na mwenzao wa tatu: John Cox, Jenifer Holden na Ruth Sagovsky. Nimependa kumtaja Cox kwa sababu alipitia kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 alifanya kazi Uganda, na mwaka 1979 alichapisha utafiti wake juu ya wanawake wajawazito 263 wa huko, na mwingine juu ya amakiro, ugonjwa ambao Waganda waliujua tangu zamani, unaompata mzazi akachanganyikiwa na kumkataa mtoto. Iliaminika kwamba chanzo chake ni uzinzi wakati wa mimba. Nilipoisoma habari hiyo niliwaza sana. Waganda walikuwa na jina la ugonjwa, jambo ambalo sisi tulilikosa, lakini jina lenyewe lilikuwa limefungwa pamoja na aibu. Mwanamke gani angeinua mkono aseme anao?

Kuyatia maswali yale katika Kiswahili ilikuwa kazi, na kicheko pia. Swali moja linauliza kama umejilaumu bila sababu. Mama wa Kalemie akasema, "Lawama gani isiyo na sababu? Mkwe wangu anazo sababu hamsini." Jingine linauliza kama unaona upande wa kuchekesha wa mambo, nasi tulikuwa tunacheka machozi yakitutoka, tukajipa alama zote. Lakini swali la kumi halikumchekesha mtu. Hilo ndilo linalouliza kama umewahi kuwaza kujidhuru. Katika kikao hakuna aliyelijibu, ila kwa kutikisa kichwa. Mpaka siku moja nilikuwa naosha vyombo na msichana mmoja akinipokelea sahani na kuzikausha, mgongo wake kwangu na wangu kwake, nikamwuliza hivi hivi kama naulizia sukari. Akajibu ndiyo. Tangu siku ile swali la kumi tunaliuliza jikoni, kwenye vyombo, na aliyejibu ndiyo halali peke yake usiku ule, na kesho anasindikizwa hospitali. Kuna mambo ambayo kikao hakiwezi, na hilo tulilijua tangu mwanzo kuliko watu wengi. Mara mbili tumempeleka mzazi aliyekuwa akisikia sauti, na mara zote mbili alitibiwa akapona.

Tulidhani jambo hili ni letu peke yetu, la watu waliohama, waliopoteza arobaini yao njiani. Haikuwa hivyo. Mwaka 1999 watafiti walichapisha habari za Khayelitsha, kule Cape Town, kwa wenyeji wenye mama zao na shangazi zao, wakaona zaidi ya theluthi moja ya wazazi wana ugonjwa wa huzuni miezi miwili baada ya kujifungua. Huko huko Khayelitsha wakawafundisha wanawake wa mtaani kuwatembelea wazazi nyumbani, na matokeo yaliyotolewa mwaka 2009 yalionyesha kwamba mama waliotembelewa walielewana vizuri zaidi na watoto wao. Uingereza kulikuwa na chama cha mama waliopona kuwapigia simu wanaougua tangu mwaka 1979. Kanada, katika jimbo la Ontario, walilipima jambo hilo kwa wanawake 701 walioonekana kuwa hatarini: wiki kumi na mbili baada ya kujifungua, kati ya waliopigiwa simu na mama aliyewahi kuugua, asilimia 14 walikuwa na dalili, na kati ya wasiopigiwa, asilimia 25. Na nyumbani Dar es Salaam, Profesa Sylvia Kaaya wa Muhimbili na wenzake walitoa mwaka 2013 matokeo ya vikao vya wajawazito wenye virusi vya UKIMWI. Sikuwa na habari ya hata moja kati ya hizi wifi yangu alipokaa mlangoni. Lakini silitumii hilo kama udhuru, maana nilichohitaji kumwambia hakikuwa katika utafiti wowote. Nilikuwa nacho.

Kina baba wana sehemu yao, ingawa fupi. Walikuwa wakija kuwachukua wake zao jioni, wengi wakitoka kulinda magari siku za mechi Ellis Park, na wakati wa baridi walisimama nje kwenye mbaula wakingoja. Huko nje, nasikia, ndiko mmoja alikosema kwamba anaogopa kumshika mwanawe asije akamwangusha, na kwamba akifika mlangoni pake hukaa barabarani nusu saa kabla ya kuingia. Wakaanza kubaki hata baada ya wake zao kutoka. Ilidumu miaka miwili au mitatu, kisha kazi zikawatawanya. Mume wangu alikuwa mmoja wao, na ni kwenye moto ule alikowaambia wenzake habari za vitunguu. Alikuwa anajua kitu kipo siku zote, ila hakujua ni nini, akaamua kukata vitunguu.

Mei 2008 ilipofika, fujo zilizoanzia Alexandra na kuua watu 62 zilitawanya kikao kwa muda. Watatu katika sisi, wenye watoto wa chini ya miezi mitatu, walilala kwenye vituo vya polisi vya Jeppe na Cleveland pamoja na mamia ya watu. Tulipeleka uji na nepi. Wawili walirudi makwao baadaye. Sina zaidi ya kusema juu ya mwezi ule. Yamekwisha andikwa katika kitabu cha mwaka huo. Mwaka 2020, nchi ilipofungwa usiku wa kuamkia tarehe 27 Machi, tulikutana kwa simu, kila mmoja akituma sauti yake kwa WhatsApp, na jambo la ajabu ni kwamba swali la kumi lilijibiwa kwa urahisi zaidi, huenda kwa sababu hakuna aliyeona uso wa mwenzake.

Siku hizi kazi yetu kubwa ni kusindikiza. Mwaka 2023 Mahakama Kuu ya Johannesburg iliamua kwamba wajawazito, wanaonyonyesha na watoto chini ya miaka sita wana haki ya kutibiwa bure hata kama ni wageni na hata kama hawana karatasi. Hata hivyo mwaka 2025 vikundi vya watu vilisimama kwenye milango ya kliniki nyingi za jimbo hili na kuwarudisha wageni. Binti yetu mwenyewe alirudishwa mara moja, kliniki sitaitaja, akiwa na mimba ya miezi minane, naye amezaliwa hapa na hajui nchi nyingine. Kwa hiyo tunakwenda wawili wawili, na mmoja wetu lazima awe mwenyeji wa hapa. Tunao wenyeji wanne katika kikao sasa. Mmoja wao, bibi wa Kizulu, husimama tu pale mlangoni na mkoba wake kifuani, hasemi neno, na hajapata kurudishwa.

Msidhani kikao kimefaulu kwa wote. Wapo waliokuja mara moja wakaona tunapiga soga tu. Wapo waliozuiwa na waume au na mama wakwe, na mmoja alihamia Durban bila kuaga, na hatujui hali yake. Na zipo familia zetu wenyewe, zinazosoma kitabu hiki, ambazo mpaka leo humwambia binti asije Jumanne, watu watasema ana wazimu.

Nilipomaliza kumweleza binti yetu habari za mama yake, hakulia. Aliniuliza mama yake alikaa upande gani wa mlango siku ile, nikamwonyesha. Kisha akauliza kama ile cherehani bado ipo. Ipo. Wiki iliyofuata alikwenda kliniki na mwenzake mmoja wa kikao, akamjibu muuguzi kwamba ndiyo, yupo mmoja katika ukoo. Akaandikiwa tarehe za kurudi mapema kuliko wengine. Mtoto ana afya, na mama mtu analala mtoto anapolala. Namwuliza kila siku, naye amechoka kuulizwa.

Kamati imekubali kupiga chapa kipande kidogo cha karatasi chenye maneno haya: "Alifariki kwa ugonjwa wa baada ya uzazi, aliouomba msaada mara mbili." Kipande kimo ndani ya jalada la nyuma la kitabu hiki. Wenye nakala ya mwaka 2002 wakibandike juu ya mstari wa nne wa taarifa ile, na wasio na gundi waje kwangu, Jumanne yoyote, alasiri.